Subira Iliyofichwa Moyoni

Katika Kituo cha Afya Makole, jijini Dodoma, kama ilivyo katika zahanati na vituo vingine nchini, siku ya kliniki mama mjamzito hujilaza kitandani, mkunga akaegemeza kipembe kwenye tumbo lake, akainamisha sikio, akanyamaza. Kifaa hicho hakina waya wala betri. Mfaransa Adolphe Pinard alikibuni mwaka 1895, na ingawa siku hizi vipo vifaa vya kielektroniki vinavyopaza mapigo ya mtoto hadi baba aliyeketi pembeni akayasikia, wapo wakunga ambao bado hukiamini kile cha zamani. Anachokisikia mkunga ni mapigo 110 hadi 160 kwa dakika. Moyo wake mwenyewe wakati huohuo unapiga 70 na kitu. Mioyo mitatu iko chumbani: wa mkunga, wa mama na wa mtoto. Kila mmoja una mwendo wake, na hakuna unaoupotosha mwingine, hata ule ulio ndani ya mwili wa mwenzake.

Moyo huo mdogo ulianza kazi siku nyingi kabla mama hajafika kliniki. Pigo la kwanza hutokea takriban siku ya 22 tangu mimba kutungwa, wakati ambapo mama wengi hata hawajajua kwamba ni wajawazito. Siku hiyo mtoto hana ubongo wa kutoa amri, na mishipa ya fahamu haijafika kifuani. Moyo wenyewe ni mrija wa milimita chache, haujagawanyika vyumba. Hata hivyo unapiga. Chembe hai za misuli ya moyo zikitolewa kwenye kiinitete cha kuku na kuwekwa katika kisahani cha maabara, kila moja hupiga peke yake kwa mwendo wake. Zikikua hadi zikagusana, baada ya muda zote hupiga pamoja. Nimelisoma jambo hili katika vitabu zaidi ya kimoja na bado sijalizoea.

Sisi tunaoamini tuna jibu letu kuhusu nani aliyeuwasha moto huo. Lakini imani haikatazi kuuliza moto wenyewe unawakaje, na sidhani kama Muumba huchukizwa na kiumbe anayechungulia kazi ya mikono Yake.

Unawaka kwa chumvi. Sodiamu iliyomo katika chumvi ya mezani, potasiamu ya mboga za majani, mlenda ukiwamo, na kalsiamu ya maziwa: madini haya matatu hupita katika vijilango visivyoonekana kwenye ukuta wa kila chembe ya moyo, yakiingia na kutoka kwa zamu, na kila moja lina chaji yake ya umeme. Chaji hupanda polepole, ikifika kiwango fulani hulipuka, misuli ikabana, kisha kila kitu kikarudi mahali pake na kuanza tena. Kwa mtu mzima mwenye mapigo 70 kwa dakika hiyo ni mizunguko 100,800 kwa siku. Kwa mtoto wa miezi michache mwenye mapigo 120 ni 172,800. Ugali wa uwele na mlenda alivyokula mama jana usiku, vikishapita katika maziwa yake, leo ni umeme katika kifua cha mwanawe.

Kina mama wa Kigogo wanapopiga muheme, ngoma zikiwa zimebanwa kati ya mapaja, wote wanajua kupiga, lakini mmoja huanza na wengine huchukua mwendo kutoka kwake. Moyo nao uko hivyo. Zipo chembe nyingi zenye uwezo wa kujianzishia pigo, ila kipo kifundo kimoja, juu upande wa kulia, pale mshipa mkubwa unapoingiza damu itokayo kichwani na mikononi, ambacho chembe zake zina haraka kuliko zote. Kifundo hicho kikipiga, zile nyingine hukuta zimeshatanguliwa.

Namna kilivyogunduliwa ni mkasa ninaoupenda. Kiangazi cha mwaka 1906, katika kijiji cha Bredgar huko Uingereza, mwanafunzi wa udaktari aliyeitwa Martin Flack alibaki ndani akichunguza kwa hadubini vipande vya moyo wa fuko, huku mwalimu na mwenyeji wake, Arthur Keith, ametoka na mkewe kuendesha baiskeli katika mashamba ya matunda. Waliporudi, kijana aliwaonyesha tishu ya ajabu aliyoikuta katika chumba cha juu cha kulia. Mwaka 1907 wakaitangaza kwa ulimwengu. Fuko! Mnyama wa chini ya ardhi ambaye mwenye jina kama lake huku kwetu hutegewa mitego kwa hasira na wakulima wa karanga na viazi. Yule wa Ulaya si wa ukoo mmoja na wetu, ila tabia ni zilezile. Mungu ana namna Yake ya kuchagua mahali pa kuficha vitu.

Kifundo hicho cha kwanza kimepata sifa nyingi. Mimi huvutwa zaidi na cha pili, ambacho kazi yake ni kuchelewesha.

Sunao Tawara, Mjapani aliyekuwa akisoma Marburg nchini Ujerumani chini ya Ludwig Aschoff, ndiye aliyekieleza, mwaka 1906. Kiko katikati ya moyo, mpakani mwa vyumba vya juu na vya chini. Mpaka wenyewe ni utando mgumu usiopitisha umeme, na katika moyo wenye afya njia ya kuuvuka ni hiyo moja tu. Umeme ukifika hapo hupunguza mwendo hadi kama sentimita 5 kwa sekunde. Ukishavuka, hutimua mbio katika nyuzi za chini, zile alizozieleza Jan Purkinje mwaka 1839, kwa mita 2 hadi 4 kwa sekunde. Kuchelewa kwenyewe ni kama sehemu moja ya kumi ya sekunde. Katika muda huo vyumba vya juu humalizia kumimina damu, vya chini hujaa, ndipo navyo vikasukuma. Pasipo kusubiri huko, vyumba vyote vingebana kwa wakati mmoja, na vya chini vingesukuma kabla havijajaa. Tena kifundo hicho hufanya kazi ya ulinzi: vyumba vya juu vikichachamaa na kutuma umeme ovyo, chenyewe hupitisha kiasi tu na kuuzuia mwingine.

Mtu akiunda mashine hutafuta kasi. Aliyeumba moyo aliweka katikati yake chembe zilizopewa uzito wa makusudi, na uhai wa kila mmoja wetu hupita hapo kwa foleni, pigo baada ya pigo. Ukiyatazama magonjwa ya mwendo wa moyo kwa watoto kutokea mahali hapo, mengi yake ni magonjwa ya subira: ama umeme umepata njia ya kukwepa pale pa kusubiri, ama pale pa kusubiri pamefungwa kabisa. Na kazi ya daktari, pamoja na vyombo vyake vyote, ni kupatengeneza tena.

Kabla ya kufika huko, mzazi naye atulie kidogo. Si kila moyo unaokimbia ni mgonjwa. Homa ya malaria hupandisha mapigo, kilio hupandisha, mbio za kukimbizana na wenzake hupandisha, na vyote hivyo huanza na kuisha taratibu. Tena mtoto mzima wa afya, ukimshika mkono na kuhesabu, utagundua kwamba mapigo huongeza kasi kidogo anapovuta pumzi na kupungua anapoitoa. Wapo wazazi wanaokimbilia hospitali kwa hofu ya jambo hilo. Ni alama njema. Moyo wa mtoto husikilizana na mapafu yake, na usahihi kama wa saa ya ukutani haukuwahi kuwa sifa yake.

Ugonjwa wenyewe una sura nyingine. Mtoto wa miaka saba amekaa darasani, ghafla moyo unaanza kwenda mbio, kisha ghafla unaacha, kana kwamba hakuna kilichotokea. Akiulizwa husema moyo unaruka, au kuna kitu kinatetemeka kifuani. Mapigo huvuka 180 kwa dakika. Kwa mtoto mchanga huvuka 220, kasi ambayo kidole hakiwezi kuihesabu. Mchanga hana maneno. Anakataa ziwa, anatoka jasho akinyonya, anapauka, anahema haraka, na mama anaambiwa na majirani kuwa ni uchango au jicho baya. Siku moja au mbili zikipita hivyo, moyo huchoka na kushindwa kusukuma.

Chanzo mara nyingi ni uzi mmoja wa misuli. Mtoto akiwa bado kiinitete, vyumba vya juu na vya chini huwa vimeungana. Baadaye ule utando mgumu hujengeka na kuvitenga. Kwa baadhi ya watoto hubaki uzi uliosahaulika, unaopitisha umeme bila kuuchelewesha. Mwaka 1930 Louis Wolff, John Parkinson na Paul Dudley White waliandika kuhusu vijana waliokuwa wazima wa mwili lakini moyo ulikuwa ukiwakimbia ghafla, na majina yao matatu yameshikamana na hali hiyo hadi leo. Umeme hushuka kwa njia halali, ukapanda kwa ile ya wizi, ukashuka tena, mzunguko usio na mwisho.

Na tiba ya kwanza? Barafu. Sifanyi mzaha. Daktari au muuguzi huweka maji na barafu katika mfuko laini, akaulaza kwenye paji la uso na pua ya mtoto kwa sekunde 15 hadi 30 bila kumziba pumzi, huku akitazama skrini. Ndani ya mwili wetu imo amri ya kale tunayoshirikiana na wanyama wapigao mbizi: uso ukiguswa na baridi ya maji, mshipa mrefu wa fahamu utokao kichwani hadi kifuani hukiamuru kile kifundo cha kati kisubiri zaidi. Kikisubiri kidogo tu kuliko kawaida, umeme unaozunguka hukuta njia imefungwa, mzunguko unakatika, na kifundo cha juu kinashika tena usukani. Katika joto la Dodoma, ambako watoto wa shule hununua barafu za mifuko kila mchana, inashangaza kufikiri kwamba kitu hichohicho, kikiwa mkononi mwa mjuzi, hurudisha mwendo wa moyo. (Kazi hiyo ni ya wahudumu wa afya, na ile desturi ya zamani ya kubonyeza macho ya mtoto iachwe kabisa, kwani huumiza macho.) Mtoto aliyeanza kuelewa hupewa bomba tupu la sindano, akaambiwa apulize kwa nguvu hadi msukumio usogee. Wengine hupinduliwa kichwa chini miguu juu, na huenda hiyo ndiyo tiba pekee ya hospitali inayowachekesha.

Barafu ikishindwa, huja adenosini. Hii ni dawa iliyokuwa mwilini kabla haijawa katika chupa, kwa maana kila chembe hai huitengeneza katika shughuli zake za nishati. Hudungwa kwenye mshipa kwa kasi, ikafuatwa papo hapo na maji ya chumvi ya kuisukuma, kwa sababu nusu yake hutoweka katika damu ndani ya sekunde zisizofika 10. Katika sekunde hizo kifundo cha kati hufunga kabisa. Kwenye skrini mstari hunyooka. Hakuna muuguzi, hata mwenye uzoefu wa miaka mingi, anayeupenda mstari huo. Kisha pigo moja, la pili, na mwendo mpya uliotulia. Dawa imeshakwisha, haikubaki hata ya kumpa mtoto usingizi.

Kwa watoto wanaorudiwa na hali hiyo hutumika dawa za kumeza, na mojawapo ina ndugu wa Kiafrika. Mwaka 1785 daktari William Withering wa Uingereza aliandika kitabu kuhusu mmea wa ukoo uliokuja kutupatia digoksini, dawa inayotuliza kile kifundo na kuongeza nguvu ya moyo. Kaskazini mwa mkoa wetu, Wasandawe wa Kondoa na Chemba tangu enzi waliwinda kwa upinde na mishale ya sumu, na sumu nyingi za mishale za Afrika Mashariki huua kwa kushika moyo wa mnyama, kwa viambato vya ukoo uleule. John Kirk, daktari na mtaalamu wa mimea katika safari ya David Livingstone ya mto Zambezi iliyoanza mwaka 1858, alilijua hilo kinywani mwake: mswaki wake ulikuwa umegusana na sumu ya mishale, akapiga mswaki, akahisi uchungu, na alipojipima akakuta mapigo yake yameshuka. Bwana huyo baadaye akawa balozi wa Uingereza Zanzibar, na mmea wa sumu hiyo ukapelekwa Edinburgh, ambako Thomas Fraser aliuchambua hadi ukawa dawa ya moyo. Kwa hiyo ujuzi ulikuwapo porini, mikononi mwa wawindaji, miaka mingi kabla ya kuingia katika maabara. Kilichokosekana ni mizani. Na mizani hiyo ni nyembamba: kipimo cha digoksini kinachomsaidia mtoto hakiko mbali na kile kinachomdhuru, na baadhi ya wenye ule uzi wa ziada hawafai kupewa kabisa.

Jambo linaloninyamazisha zaidi ni kwamba watoto wengi waliougua wakiwa wachanga hupona wenyewe kabla ya kutimiza mwaka au baada tu ya hapo. Ule uzi uliosahaulika hukauka. Kana kwamba Fundi alirudi kumalizia kazi. Ndiyo maana madaktari hawakimbilii kuingiza mirija katika moyo wa mtoto mchanga. Humpa dawa, wakangoja, hadi uzito upite kilo 15 au zaidi ikiwezekana.

Wale ambao uzi haukukauka wana upasuaji wa tundu dogo. Mrija mwembamba huingizwa kwenye mshipa wa paja, ukapandishwa hadi moyoni, na ncha yake husikiliza umeme hatua kwa hatua mpaka daktari apate pale hasa njia ya wizi ilipo. Hapo huunguzwa kidoa cha milimita chache, na kwa wengi tatizo huisha moja kwa moja. Lakini uzi ukiwa jirani mno na kile kifundo cha kati, moto ni hatari. Hapo hutumika baridi. Ncha hupozwa kwanza hadi kama nyuzi 30 chini ya sifuri, na chembe hulala usingizi bila kufa. Ikionekana kuwa kilicholala ni kifundo chenyewe, daktari huacha, joto hurudi, na kifundo huamka bila dosari. Kikiwa ni ule uzi, baridi huongezwa hadi nyuzi 70 au zaidi chini ya sifuri, na uzi hauamki tena. Kuweza kujaribu kabla ya kutenda, ndani ya moyo wa mtoto unaopiga: hata mtu asiye na dini atatikisa kichwa.

Upande wa pili wa ugonjwa ni mlango uliofungwa. Kifundo cha kati hakipitishi kitu, na vyumba vya chini hubaki kujipigia vyenyewe, mara 50 au 60 kwa dakika, wakati mtoto mchanga anahitaji zaidi ya 100. Wakati mwingine mkunga ndiye wa kwanza kulijua hilo, kwa kipembe chake, mimba ikiwa ya miezi mitano au sita. Kinga za mwili wa mama, ambazo kwake mwenyewe huenda hazijawahi kumletea hata homa, zimevuka kondo la nyuma na kukishambulia kifundo cha mtoto. Ni tatizo la nadra, takriban mtoto mmoja katika 15,000 hadi 20,000. Wakati mwingine mlango hufungwa na mkono wa binadamu anayeponya: tundu kati ya vyumba vya chini liko jirani na njia ya umeme, na sindano inayoliziba huweza kuigusa.

Hapa ndipo pana kisa ambacho sisi tunaoujua mgao wa umeme tutakielewa kuliko mtu yeyote. Katika miaka ya 1950 Walton Lillehei, wa Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, alikuwa akiziba matundu ya moyo wa watoto, na baadhi yao mlango ulifungwa baada ya upasuaji. Aliwaunganisha kwa waya na mashine kubwa iliyochomekwa ukutani. Mtoto aliishi kwa urefu wa waya. Akitoka wodini kwenda chumba kingine, waya lazima uburutwe kwenye korido. Tarehe 31 Oktoba 1957 umeme ulikatika Minneapolis kwa saa kadhaa. Lillehei akamwendea Earl Bakken, fundi aliyekuwa akitengeneza vifaa vya hospitali katika gereji, akamwomba kifaa kisichotegemea ukuta. Bakken alikumbuka mchoro wa chombo cha kupimia mwendo wa muziki aliouona katika gazeti la mafundi wa elektroniki. Baada ya wiki nne hivi alileta kisanduku chenye transista na betri ndogo, kikajaribiwa kwa mbwa. Aliporudi siku iliyofuata alikikuta kimeshafungwa kwa mtoto. Chombo kilichobuniwa kuwaongoza wanamuziki wasipoteze mdundo kilikuwa kinauongoza moyo.

Mwaka uliofuata, tarehe 8 Oktoba 1958, huko Stockholm, Åke Senning alipandikiza ndani ya mwili wa Arne Larsson kifaa kilichotengenezwa na Rune Elmqvist. Cha kwanza kilizimika baada ya saa chache. Larsson alibadilishiwa vifaa mara kwa mara, 26 kwa jumla, akaishi hadi mwaka 2001, miaka 86, akiwa amebaki hai baada ya daktari wake na fundi wake kufariki.

Watu huku huiita betri ya moyo. Kwa mtoto mdogo mishipa ni myembamba mno, hivyo nyaya hushonwa juu ya moyo kwa nje na betri yenyewe huwekwa tumboni, chini ya misuli. Hudumu miaka kadhaa, kisha hubadilishwa, na mtoto anapokua waya nao huwa mfupi. Mzazi anayeikubali leo anakubali upasuaji mwingine, na mwingine tena, na bei ya kifaa ni mamilioni ya shilingi. Hapa sina maneno matamu. Uumbaji wa Mungu ni bure; ukarabati wake una ankara.

Lakini safari imefupika. Upasuaji wa moyo wa kufungua kifua ulianza Muhimbili mwaka 2008. Kabla ya hapo mtoto mwenye tundu kwenye moyo alisubiri rufaa ya kwenda India. Mwaka 2015 ikaundwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, inayotibu pia hitilafu za mfumo wa umeme wa moyo, na miongoni mwa madaktari wake ni Godwin Godfrey, aliyesomea upasuaji wa moyo wa watoto Holon, Israel, kupitia shirika la Save a Child's Heart. Dodoma kwenyewe, Hospitali ya Benjamin Mkapa, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, ina madaktari wa moyo. Mtoto wa Makole huandikiwa rufaa mjini humohumo kwanza, na akilazimika kwenda pwani, tangu mwaka 2024 kuna treni ya umeme inayomfikisha kwa saa chache. Simu nayo imekuwa kifaa cha tabibu: kwa kuwa mara nyingi mbio za moyo huisha kabla ya kufika kituoni, mzazi anayerekodi video ya shingo ya mtoto inavyodunda, saa ikionekana, humpa daktari ushahidi mzuri kuliko maelezo.

Nimeacha kwa mwisho ugonjwa unaonishughulisha kuliko yote, kwa sababu huku kwetu hujificha nyuma ya jina la mwingine. Mtoto anaanguka ghafla, anakakamaa kidogo, anazinduka. Tunasema kifafa, au degedege kama ni mdogo, na safari ya kwa mganga inaanza. Mara nyingi ni kifafa kweli, na kina dawa. Lakini wapo walioanguka kwa sababu ya moyo. Mwaka 1957 Anton Jervell na Fred Lange-Nielsen waliandika kuhusu familia moja ya Norwei yenye watoto sita. Wanne walizaliwa viziwi, na haohao wanne walikuwa wakizirai. Watatu walikufa ghafla, wakiwa na miaka 4, 5 na 9. Miaka mingi baadaye ilijulikana kwamba kijilango kimoja cha potasiamu ndicho kinachofanya kazi katika sikio la ndani na katika moyo. Sikioni husaidia kuandaa majimaji ambayo sauti haiwezi kusikika bila hayo. Moyoni husaidia chembe kupumzika baada ya pigo. Kikiharibika chote, mtoto hasikii, na moyo wake huchukua muda mrefu mno kupumzika. Pigo jingine likiukuta katika hali hiyo, mwendo wote huvurugika. Muumba alitumia mlango mmoja kwa kazi mbili zilizo mbali namna hiyo. Wapo pia wengi wenye ugonjwa wa ukoo huo ambao masikio yao ni mazima.

Anayezirai wakati wa mbio, akiogelea, au aliposhtuliwa na kelele, apimwe umeme wa moyo, na mtoto kiziwi anayezirai asikose kipimo hicho kamwe. Ni dakika chache, nyaya zilizobandikwa kifuani na karatasi moja. Dawa ya kwanza ya ugonjwa huu ni ya zamani na ya bei nafuu: propranololi, mojawapo ya kazi zilizompatia James Black Tuzo ya Nobel mwaka 1988. Haiponyi kile kijilango, bali huuzuia moyo usishtuliwe, na watoto wengi hukua nayo. Huambiwa wasiingie peke yao katika mabwawa na malambo wakati wa masika. Wazazi hupewa pia orodha ya dawa za kuepukwa, na baadhi ni majina yaliyozoeleka katika nchi ya malaria na vikohozi: klorokwini, kwinidini, halofantrini, erithromisini. Karatasi hiyo hukunjwa ndani ya kadi ya kliniki, ili yeyote atakayempokea mtoto usiku, awe Kondoa, Mpwapwa au Manyoni, aisome kabla hajaandika dawa.